Sauti za Boila ya Nyumbani na Maana Zake



Katika pande za kaskazini za Marekani, majira ya baridi yakifika, maji huganda na nyumba isiyo na joto haikaliki. Kwa hiyo nyumba nyingi za zamani katika miji kama New York zina boila chini ya nyumba, yaani pipa la chuma la kuchemshia maji. Mvuke hupanda katika mabomba mpaka vyumbani, ukaingia katika vyuma vyenye matumbo viitwavyo rejeta. Humo hutoa joto lake, hugeuka tena kuwa maji, na maji hurudi chini kwenye boila.

Wako ndugu zetu waliokwenda kukaa huko, na mgeni akilala usiku wa kwanza huweza kushtuka, maana mabomba hugonga, hulia na kunguruma. Asiogope bure, wala asipuuze. Mganga mwema humwuliza mgonjwa, “Wapi panauma? Tangu lini?” Vivyo hivyo, sharti tuulize: sauti yatoka wapi, nayo yasikika wakati gani?

Kwanza, mshindo kama wa nyundo katika bomba. Kibaba kimoja cha maji kikigeuka mvuke huenea kuwa zaidi ya vibaba 1,600, kwa hiyo mvuke hupita kwa nguvu nyingi. Bomba likilegea katikati, maji hutuama pale. Mvuke huyakumba na kuyapiga kwenye kiwiko cha bomba. Dawa yake ni kuliinua bomba lipate mwinamo. Mshindo ukitoka katika rejeta yenye bomba moja tu, tazama bilula yake: ama ifunguliwe kabisa, ama ifungwe kabisa. Ikiachwa nusu, maji hukosa njia ya kurudi. Tena rejeta yenyewe iinamie kidogo upande wa bomba lake.

Pili, mlio kama wa nyoka. Katika rejeta za namna hiyo pana kitundu cha kutolea hewa. Moto ukianza, hewa hutoka ikilia kidogo. Hilo si baya. Mvuke ukifika, kitundu hujifunga. Kama hakijifungi, kimechakaa au kimeingia uchafu, na maji ya boila yapotea kidogo kidogo.

Tatu, ngurumo ndani ya boila yenyewe. Mmeona ukoko mweupe ndani ya birika la chai? Boila nayo hushika ukoko na tope. Mapovu ya mvuke hunaswa chini yake, kisha hupasuka kwa kishindo. Yafaa isafishwe.

Nne, mlipuko mfupi wakati moto unapowaka. Maana yake gesi au mafuta yamekusanyika kabla ya kushika moto. Zima, mwite fundi siku ile ile. Ukinusa gesi, usiguse kitu. Toka nje na wote waliomo, ndipo uite msaada.

Lakini hatari kubwa kuliko hizi zote huweza kuja kimya. Ubavuni mwa boila pana mrija wa kioo uonyeshao kimo cha maji. Ukiuona mtupu na moto unawaka, usitie maji kamwe! Maji baridi yakigusa chuma kilichoiva hugeuka mvuke kwa ghafula, na chuma huweza kupasuka. Zima moto, ngoja boila ipoe kabisa, kisha mwite fundi.

Ni kweli, boila ya nyumbani ina nguvu ndogo, na kilango chake cha usalama hufunguka mvuke ufikapo ratili 15 kwa kila inchi mraba. Hata hivyo mvuke si wa kuchezewa. Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts, boila kuukuu ya kiwanda cha viatu ilipasuka, na watu 58 wakafa. Mwaka 1907 jimbo lile likatunga sheria za boila ili watu wasipotee tena namna ile.

Dalili ya mvua ni mawingu. Chombo chochote kifanyacho kazi, iwe boila ya ng'ambo au mashine ya kusagia mahindi kijijini, mara nyingi huonya kwa sauti kabla ya kuharibika. Mwenye chombo ni yule aijuaye sauti yake ya kila siku, ili siku itakapobadilika atambue mara moja.