Vitabu vya Safari na Hatari kwa Vijana Wazito wa Kusoma
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mkotokuyana)



Nimeombwa kunena machache juu ya vijana wetu wanaokikimbia kitabu. Sisi makarani hushinda na karatasi mchana kutwa, lakini jioni wengi wetu twakuta nyumbani kijana ambaye akipewa kitabu hupiga miayo. Twamwita mvivu.

Nami nilisema hivyo juu ya mpwa wangu wa miaka 12, hata siku nilipoketi kumsikiliza. Alikwenda silabi kwa silabi, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Akifika mwisho wa mstari, mwanzo wake umekwisha mpotea. Tena kitabu alichopewa kilikuwa cha watoto wadogo, na wenzake walimcheka. Basi niliona kwamba ugonjwa wake si uvivu, bali ni haya.

Nikatafuta Kisiwa chenye Hazina, kilichopigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1929. Mwandishi wake, Robert Louis Stevenson, alikianza mwaka 1881 huko Scotland, siku za mvua, kwa kuchora ramani ya kisiwa pamoja na mtoto wa mkewe. Na kila sura akiisha kuiandika aliwasomea watu wa nyumbani. Yaani kitabu hiki kilizaliwa kwa kusomwa kwa sauti. Nami nikafanya vivyo hivyo. Nilipofika pale Jim alipojificha ndani ya pipa la matofaa, akasikia maharamia wakifanya shauri la kuasi, nikakifunga kitabu, nikasema, “Usiku umekuwa.”

Asubuhi nilimkuta mkekani, kidole chini ya mstari.

Sidai kwamba alipona siku ile. Kitabu kilimchukua tangu mavuno ya ufuta hata mavuno ya korosho. Lakini alikimaliza, kwa sababu alitaka kujua yatakayotokea. Nilijizuia kumsahihisha kila kosa. Neno lililomshinda nilimtamkia tu, akaendelea. Ukurasa alioupenda akaurudia, na kwa kuurudia ulimi ukawa mwepesi.

Ndugu zangu, vitabu vile ni vya visiwa vya mbali, na sisi hatuna uchache wa visa. Mwaka 1876 watumwa walioachwa huru walitoka Unguja pamoja na Askofu Edward Steere, wakashuka Lindi, wakaenda kwa miguu hata Masasi, wakajenga kijiji. Hapo ni jirani zetu. Kijana wa Mkotokuyana asomaye habari za njia aijuaye hatahitaji kusukumwa.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kila mwanachama amwulize mzee wake kisa kimoja cha safari au cha hatari, akiandike kwa maneno mepesi, kisizidi ukurasa mmoja, nasi tukipige chapa kwa mashine yetu hii, tuwape vijana. Na kila kisa kikatizwe pale penye hofu, mwisho wake ungoje toleo lijalo.