Nishati ni Silaha

Zambia inaijua adha ya kutegemea njia moja ya nishati. Mwaka 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru, njia yake ya mafuta ya kusini ilikatika. Malori yakayabeba kutoka Dar es Salaam, hadi bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968. Mwaka 2024 ukame ukapunguza maji ya Kariba, na umeme ukakatwa kwa saa nyingi kila siku.

Funzo kwa majeshi ya nchi jirani ni dhahiri: pigo huweza kuja bila adui kuvuka mpaka. Redio za upepo, hospitali na maghala ya kambi yasitegemee chanzo kimoja. Akiba ya dizeli ikaguliwe, mitambo ya umeme wa jua ifungwe, kabla giza halijaingia.