Gitaa na Sintesaiza Zilipopatana

Santuri tuliyonayo leo ni Systems of Romance ya bendi ya Ultravox ya Uingereza, iliyotoka Septemba 1978. Ukilitaja jina la Ultravox, wengi watakutajia "Vienna", wimbo alioimba Midge Ure na uliopanda hadi nafasi ya pili nchini mwao mwanzoni mwa 1981. Kabla ya Ure, hata hivyo, mwimbaji alikuwa John Foxx. Hii ni santuri ya tatu aliyorekodi na wenzake, na ndiyo ya mwisho. Haikugusa kabisa chati za Uingereza. Kwangu mimi, Ultravox hawakuwahi kufanya kazi bora kuliko hii.

Nitakwambia kwa nini. Miaka ile, bendi nyingi za roki ziliitumia sintesaiza kama pambo: wimbo unakamilika kwa gitaa, kisha kinanda kinaongezwa juu yake. Kwa Ultravox, ala hizo zilibadilishana kazi. Billy Currie, mwanamuziki aliyefunzwa violini, anaipapasa sintesaiza yake ya ARP Odyssey kama mtu anayecharaza gitaa la solo. Anaipinda noti, anaiacha ilie, haogopi ikikwaruza. Robin Simon, mpiga gitaa aliyekuwa mgeni katika bendi, anazipitisha nyuzi zake kwenye vifaa vya mwangwi hadi sauti inatanda na kujaza wimbo mzima. Kuna mahali utajiuliza ni nani kati yao unayemsikia. Chini yao, Chris Cross kwenye besi na Warren Cann kwenye ngoma wanashikilia mwendo ulionyooka, usio na madaha.

Walirekodi Ujerumani, kwa mtayarishaji Conny Plank, aliyegeuza nyumba ya shambani karibu na Cologne kuwa studio. Plank alikuwa ameshafanya kazi na bendi za Kraftwerk na Neu!. Alijua kuipa kila sauti nafasi yake, na ndiyo maana hapa ala nyingi zinapiga pamoja bila kufunikana. Katika "Quiet Men" mashine ya ngoma inapiga bila kuchoka, na juu yake Foxx anaimba kuhusu watu wakimya wanaopita mijini bila kutambuliwa. Hapigi kelele. Sauti yake imetulia, na utulivu huo ndio unaobeba upweke wa maneno yake.

Santuri ilipokosa wanunuzi, Island, kampuni ileile iliyokuwa ikitoa kazi za Bob Marley, iliachana na bendi. Mwanzoni mwa 1979 vijana walijigharimia ziara ya Marekani, na baada yake Foxx akajitoa. Mwaka huohuo mwimbaji Gary Numan alishika namba moja Uingereza kwa "Are 'Friends' Electric?", na hajawahi kuficha kwamba Ultravox ya Foxx ndiyo iliyomwonyesha njia. Currie mwenyewe alimpigia kinanda katika ziara yake. Ultravox ilipojengwa upya na Ure, ilirudi kwa Plank kurekodi santuri ya Vienna.

Hata hivyo, msikilizaji, tusiiheshimu santuri hii kwa sababu tu iliwafungulia wengine mlango. Wengi waliofuata waliliweka gitaa kando na kubaki na vinanda peke yake. Humu vyote viwili vinasikika kwa nguvu sawa, tangu wimbo wa kwanza hadi "Just for a Moment", wimbo wa taratibu unaoifunga santuri. Mizani hiyo ni adimu, na inastahili kusikilizwa kwa makini, nyimbo zote kumi kwa mfululizo.

Tunaanza na wimbo wa kwanza, "Slow Motion". Msikilize Currie na Simon kwa pamoja, uone namna kila mmoja anavyompisha mwenzake.