Mizani ya Mfukoni

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa ya siri na ya dhahiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Masonara na wabadilishaji fedha wa zamani walikuwa na mizani ndogo: mtange mwembamba, vitanga viwili na vijiwe vyake, vyote ndani ya kijisanduku cha kutia mfukoni. Sarafu ya dhahabu haikutosha kuhesabiwa tu. Huenda imelika kwa kupita mikononi mwa watu. Huenda mwenye hila ameikata ukingo. Kwa hiyo iliwekwa kitangani.

Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipoitengeneza upya dinari mwaka 77 Hijria, uzito wake ulikuwa mithkali moja, yaani kiasi cha gramu 4.25. Huko Misri vijiwe vya kupimia vilitengenezwa kwa kioo. Kioo hakishiki kutu, na anayekikwangua ili kukipunguza huacha alama. Baadhi ya vijiwe hivyo viligongwa muhuri wa kukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha utimilifu. Amri kubwa namna hiyo ikakaa juu ya kitu kinachofichika kiganjani!

Ndugu zangu, mizani haidhulumu. Unaodhulumu ni mkono unaoishika. Watu wa Madyan walionywa na Nabii Shuaibu, amani iwe juu yake, waache ushirikina na wasipunje vipimo. Walikaidi, wakaangamia. Na katika Qurani imo sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjaji.

Fikirini mjane aliyepeleka bangili yake kwa sonara ili apate karo ya mwanawe. Hajui gramu wala mithkali. Anategemea uaminifu wa aliye mbele yake. Gramu moja ikimezwa hapo, ni chakula cha yatima kilichomezwa. Ewe sonara, mgeuzie mizani aione kwa macho yake, na umtajie uzito kabla ya kumtajia bei.

Wala tusiwalaumu masonara peke yao. Dhahabu ya akiba ikifika mithkali 20, yaani kiasi cha gramu 85, na ikapitiwa na mwaka, zaka yake ni fungu moja katika 40. Ni wangapi kati yetu waliofungia dhahabu sandukuni miaka na miaka, wala hawajapata kuipima? Haki ya masikini imo humo ndani, imefungiwa pamoja nayo. Aliyeacha kupima kwa makusudi ili asitoe, ana tofauti gani na aliyepunja kitangani?

Basi tufungue masanduku yetu, tupime, tutoe, kabla ya siku ambayo sisi wenyewe tutapimiwa amali zetu.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe watimizao vipimo, na uzifanye nzito mizani za mema yetu. Amin.