Tusiulize "Mmeelewa?"

(Maneno tuliyowaambia walimu wa afya vijijini siku ya mwisho ya mafunzo yao)

Kesho mnarudi kwenu, na kila mmoja atasimama mbele ya kina mama na wazee awafundishe. Kabla hamjaondoka, tuwaambie kosa letu.

Mara ya kwanza tulipofundisha habari ya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayehara, tulizungumza saa nzima. Ubao ulijaa. Tulieleza vijidudu, tukaeleza utumbo, mambo mazuri kweli. Mwishowe tukauliza, "Mmeelewa?" Darasa lote likajibu, "Ndiyo, mwalimu!" Basi tukafurahi. Halafu mama mmoja, tena yule aliyekuwa akiandika sana, tukampa jagi achanganye. Akatia vijiko 3 vya chumvi, vimejaa na kurundikana! Chumvi kama hiyo inaweza hata kumuua mtoto. Na mama hakukosa. Ni sisi tuliotaja vipimo mara moja tu, mbiombio, katikati ya maneno mengi.

Siku hizi tunaanza na meza. Maji safi lita moja (lita hasa, si "jagi moja", maana majagi hayalingani), sukari, chumvi, kijiko cha chai. Tunachanganya polepole tukihesabu kwa sauti: sukari vijiko 6, chumvi nusu kijiko, na kila kijiko kikwanguliwe juu kiwe sawa. Ubaoni tunaandika hayo tu. Kisha sisi tunakaa, wao wanafanya, na kila mtu anaonja: yasizidi chumvi ya machozi. Tunawaambia pia kwamba pakiti za zahanati ni bora, na haya ya nyumbani ni ya pale zinapokosekana. Yakilala mpaka kesho yake, yamwagwe.

Na vijidudu je? Wakiuliza, tutawajibu. Wakishashika kijiko huuliza sana, kuliko walipokuwa wakitutazama tu.

Semeni kwa lugha ya nyumbani. Mzee akisinzia msimkemee. Huenda ametoka shamba tangu alfajiri. Mpeni yeye kijiko.

Haya, tumesema vya kutosha. Jagi liko hapa. Nani ataanza kutufundisha?