Baiskeli na Taksi katika Majiji ya Jinja na Mbale



Mwezi wa Julai mwaka 2020 miji ya Jinja na Mbale ilipandishwa daraja ikawa majiji. Hata hivyo, kibarua wa Masese au wa Namatala anayeamka alfajiri bado anakabiliwa na swali lile lile la zamani: atafikaje mahali taksi zinapopakia, na itamgharimu kiasi gani?

Swali hilo si dogo. Taksi zetu, yaani zile gari za abiria kumi na wanne, hufuata barabara kuu. Haziingii vichochoroni, wala hazipiti katika njia za udongo ziendazo mashambani. Kwa hiyo safari ya mwananchi wa kawaida ina vipande viwili, na mara nyingi ni kile kipande kifupi kinachommaliza. Akipanda pikipiki asubuhi na jioni, kisha akalipa na nauli ya taksi, ujira wake umekwisha kumegwa kabla hajanunua posho ya watoto.

Ajabu ni kwamba sisi watu wa mashariki ya Uganda tulikwisha kulipatia jambo hili ufumbuzi zamani. Jina la bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Abiria aliyeshushwa na gari upande mmoja alilazimika kuvuka masafa yaliyopo kati ya vituo viwili vya mpaka ndipo apate gari jingine. Vijana wakafunga mto laini juu ya keria ya baiskeli, wakawaita wateja kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kutoka mpaka hadi mpaka. Basi tangu mwanzo kazi ya bodaboda ilikuwa kuunganisha gari na gari. Kutoka mpakani kazi hiyo ilienea hadi Mbale na Jinja. Jinja iliifaa mno, kwa kuwa mitaa yake ni mipana na imenyooka. Mbale nako, chini ya mlima Wanale, baiskeli hushuka na mikungu ya matoke kwa wepesi. Kupanda ndiko kunakotoa jasho.

Baadaye ilikuja pikipiki, ikamchukua abiria. Hatuilaumu. Ina mwendo, inapanda vilima, na imewapa vijana wengi kazi. Lakini inakunywa petroli, na bei ya petroli haipangwi Mbale wala Jinja. Mwenye baiskeli yake mwenyewe hana habari na bei hiyo, ila tu inapofika kwenye nauli ya taksi.

Hapo ndipo penye kikwazo. Akifika kituoni, baiskeli ataiacha wapi? Mimi mwenyewe niliwahi kuifunga yangu kwenye nguzo nje ya kituo kimoja ambacho sitakitaja, nikapanda taksi kwenda kazini. Jioni nilikuta mnyororo umekatwa. Tangu siku hiyo nilikuwa nikimwachia fundi viatu aliyekuwa akikaa kando ya barabara, nikimpa kitu kidogo. Alikuwa mlinzi mwaminifu, lakini mvua ikinyesha alifunga kazi mapema.

Katika mji wa Utrecht, nchini Uholanzi, ulikamilishwa mwaka 2019 ukumbi wa kuweka baiskeli 12,500 chini ya stesheni ya gari moshi. Sisi hatuhitaji jumba kama hilo. Tunahitaji banda la mabati, mlinzi, na vipande vya namba: kimoja kifungwe kwenye usukani, cha pili akiweke mwenye mali mfukoni. Gharama yake haifanani hata kidogo na ya kutia lami mtaa mmoja.

Na mitaa imetiwa lami. Jinja na Mbale zote mbili zilikuwamo katika manispaa 14 za mwanzo zilizoingizwa katika mpango wa kuimarisha miundombinu ya miji, uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2013. Zilijengwa barabara, mitaro na njia za miguu, zikawekwa na taa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 2012, Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilikuwa imetoa sera ya usafiri usiotumia injini, inayotaka watembea kwa miguu na wapanda baiskeli wafikiriwe katika kupanga barabara. Karatasi ipo, basi. Lakini mpanda baiskeli anayekaribia kituo cha taksi bado anajipenyeza katikati ya pikipiki na mikokoteni, huku utingo akimpigia kelele aondoke njiani.

Madiwani wa majiji haya mawili wanapojadili bajeti, wangefanya vema kutenga pembe moja ya kituo kwa ajili ya banda hilo. Walinzi hawatakosekana. Wako wazee waliobeba abiria kwa baiskeli miaka mingi hadi pikipiki zilipowapokonya wateja. Wanajua kuitambua baiskeli ya mtu kwa kuitazama tandiko tu.