Bastola Ndogo au Rivolva: Yatupasayo Kujiuliza Kabla ya Kuomba Kibali

(Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi, Mikumi)



Katika mikutano ya kata limekuwa likiulizwa swali moja, mara nyingi kwa sauti ya chini baada ya mkutano kufungwa. Mfanyabiashara wa mazao anayelala na fedha za msimu ndani ya nyumba, au mwenye duka la jumla kandokando ya barabara kuu, huuliza: nikitaka silaha ya kujilinda, ninunue bastola ndogo au rivolva? Swali hilo si la aibu. Ni vema lijibiwe hadharani kuliko kujibiwa kijiweni na mtu ambaye hajawahi kushika hata gobore.

Nianze na tofauti yenyewe. Rivolva ni ile bastola yenye silinda inayozunguka, ambayo kwa kawaida hubeba risasi tano au sita, kila moja katika tundu lake. Umbo hilo ni la zamani. Mmarekani Samuel Colt alilipatia hataza mwaka 1836 na misingi yake haijabadilika sana. Bastola nyingine, inayoitwa ndogo kwa sababu huingia hata mfukoni, hubeba risasi ndani ya magazini inayochomekwa kwenye mpini. Kila risasi inapofyatuliwa, kipande cha chuma cha juu hurudi nyuma, hutupa nje ganda lililotumika na kuingiza risasi nyingine kwenye chemba bila mtumiaji kufanya lolote.

Kutokana na tofauti hiyo hufuata mengine yote. Rivolva ni rahisi kuielewa. Silinda ikifunguliwa, risasi zinaonekana zote, na risasi moja isipolipuka mtumiaji huvuta kifyatulio tena na silinda humletea nyingine. Kifyatulio chake huwa kizito, jambo ambalo hupunguza uwezekano wa kufyatua kwa bahati mbaya lakini pia hufanya shabaha iwe ngumu kwa asiyefanya mazoezi. Bastola ya magazini huchukua risasi nyingi zaidi na ni nyembamba, hivyo hufichika. Ila ikikwama, kuikwamua kunahitaji mikono iliyozoea, na mikono hiyo itakuwa inatetemeka gizani saa nane za usiku. Udogo wake nao una gharama: mpini mfupi haushikiki vizuri, na mtutu mfupi humfanya mtu akose hata shabaha ya hatua chache.

Lipo jambo moja kuhusu bastola ya magazini ambalo ningependa kila aliyepo hapa aondoke nalo, hata yule asiyekusudia kumiliki silaha maisha yake yote. Kuchomoa magazini hakuifanyi bastola iwe tupu. Risasi moja inaweza kubaki ndani ya chemba, isionekane kwa nje, na silaha hiyo ikaua. Mtu huiweka mezani akiamini ameiondolea risasi, mtoto akaichukua, au yeye mwenyewe akamwelekezea rafiki kwa mzaha. Ajali za namna hiyo hutokea popote duniani palipo na bastola majumbani. Rivolva hupunguza hatari hiyo kwa kuwa silinda yake haifichi kitu, lakini haiiondoi. Nayo ikikaa chini ya mto ni hatari vilevile.

Nikilazimishwa kutoa maoni yangu, nami si askari wala fundi wa silaha, ningesema kwamba anayepewa kibali na ambaye hatakwenda mazoezini zaidi ya mara moja kwa mwaka, rivolva inamfaa zaidi. Bastola ndogo ni ya mtu anayefanya mazoezi mara kwa mara. Na yule anayeitaka kwa sababu tu inafichika kiunoni akiwa baa, huyo naona haimfai ya aina yoyote.

Ndugu wananchi, uamuzi hata hivyo hauanzii dukani. Umiliki wa silaha nchini unaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwombaji awe ametimiza umri wa miaka 25, awe na akili timamu, asiwe mtu wa vurugu, na awe amefundishwa kutumia silaha kwa usalama. Maombi huanzia ngazi ya kijiji au mtaa, yakajadiliwa na kamati ya ulinzi na usalama ya hapo, yakapanda kwenye kata, kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na kamati ya wilaya, kisha ngazi ya mkoa, kabla ya kumfikia msajili wa silaha. Wapo wanaolalamika kwamba njia hiyo ni ndefu. Mimi naiona ina hekima, hasa kwa wilaya kama yetu.

Nasema hivyo kwa sababu Kilosa ina kumbukumbu nzito. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika mgogoro baina ya wakulima na wafugaji. Wapo miongoni mwetu waliozika ndugu zao siku zile. Tangu hapo kamati za vijiji zimejifunza jambo ambalo ofisi ya mbali haiwezi kulijua: nani ana ugomvi wa mpaka na nani, ng'ombe wa nani waliingia shamba la nani, nani hupiga mke akilewa. Mtu anapoomba bastola kwa kisingizio cha kulinda duka, na kijiji kizima kinajua kwamba anamtafuta jirani yake, kamati ndiyo yenye uwezo wa kusema hapana. Silaha inayonunuliwa upande mmoja wa mgogoro haikai siri. Upande wa pili nao huanza kutafuta yake. Kwa hiyo nawasihi wajumbe wa kamati msipitishe barua kwa sababu ya undugu au kwa kuwa mwombaji amewachangia harambee.

Hapa Mikumi huulizwa pia kuhusu tembo. Hifadhi yetu, iliyoanzishwa mwaka 1964, haina ukuta, na mahindi yanapokomaa tembo huyanusa. Niseme waziwazi: bastola si silaha ya kumkabili tembo, iwe ndogo, iwe rivolva. Risasi yake haitamwangusha. Itamjeruhi na kumkasirisha, na tembo aliyejeruhiwa ni balaa kwa kijiji kizima. Toeni taarifa mapema kwa askari wa wanyamapori. Tumieni kamba zenye vitambaa vilivyopakwa pilipili na oili chafu. Upande wa Udzungwa wapo wakulima waliozungushia mashamba mizinga ya nyuki, wakapata ulinzi na asali. Na hasara ikitokea, msikae nayo kimya. Kanuni za mwaka 2011 chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori zimeweka kifuta jasho kwa mazao na mifugo iliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Tathmini hufanyika shambani, hivyo taarifa iwahi kabla nyayo hazijafutika.

Vilevile, kwa kuwa barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, mwenye silaha halali asidhani kwamba leseni yake inatosha kila mahali. Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, inakataza kuingia na silaha hifadhini bila idhini. Anayesafiri nayo aulize kwanza kituo cha polisi.

Nirudi kwa yule mfanyabiashara na fedha zake. Kabla ya kutafuta bastola, apunguze kile kinachomvuta mwizi. Malipo mengi ya mazao siku hizi yanaweza kupita benki au kwenye simu. Mlango wa chuma, taa ya nje, mbwa, na jirani anayeamka akisikia kelele vimewaokoa wengi bila mtu kuzikwa. Namba ya polisi ya dharura ni 112. Na hata mwenye silaha halali afahamu kwamba Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa haki ya kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Kumpiga risasi ya mgongo mwizi anayekimbia na kuku ni jambo ambalo atalieleza mahakamani, na huenda maelezo yasitoshe.

Kuhusu utunzaji, silaha ifungiwe mahali imara, isiwe mtoni wala kabatini pa nguo, na ufunguo usijulikane na watoto. Wakati wa masika unyevu huharibu risasi, na vumbi la kiangazi huingia hata kwenye silinda ya rivolva inayosifiwa kuwa haikwami. Tukumbuke pia mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ambapo watu waliondoka na nguo walizovaa. Silaha iliyoachwa katika nyumba iliyohamwa huokotwa na mtu. Ikipotea au ikiibwa, polisi wajulishwe mara moja. Mmiliki akifariki, leseni haimrithishi mtoto wala mjane. Silaha ipelekwe kituoni, na anayeitaka aombe upya kwa jina lake.

Wapo, najua, wenye magobore ya babu juu ya dari. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kama kile cha Septemba na Oktoba 2023. Nje ya vipindi hivyo, kupatikana na silaha isiyo halali kunaweza kuwa kosa la uhujumu uchumi, ambalo dhamana yake si nyepesi. Asiyejua afanye nini na silaha aliyoirithi amwone Mtendaji wa Kijiji au Kata amwongoze hadi polisi. Asiibebe mkononi barabarani akidhani anatii sheria. Atangulize taarifa kwanza, silaha ifuate kwa utaratibu atakaopewa.

Barua za maombi hupokelewa katika ofisi za watendaji siku za kazi. Wawakilishi wa Jeshi la Polisi tunao hapa, na nawapisha sasa wajibu maswali yenu.